Maswali ya Wasomaji: Siti Moja, Abiria Wawili

SWALI: Tunaandaa programu ya kukata tiketi za boti kutoka Kibirizi kwenda Kagunga. Siti ni 40, mawakala wawili wanauza kwa wakati mmoja. Tulichora visanduku na mishale, kila mtu akaafiki, lakini kwenye majaribio siti ya mwisho inauzwa mara mbili. Tumekosea wapi? Msomaji, Kigoma.

JIBU: Mishale yenu haina kanuni, ndiyo maana kila mtu aliafiki. Chora upya kwa mtandao wa Petri, lugha ya michoro iliyotokana na tasnifu ya Mjerumani Carl Adam Petri ya mwaka 1962. Duara ni hali, mstatili ni tukio, nukta ndani ya duara ni tokeni (si zile za LUKU). Tukio hutokea pale tu kila duara linaloelekeza mshale kwake lina tokeni. Likitokea, hula tokeni moja kwa kila mshale unaoingia na kutoa moja kwa kila unaotoka.

Anzeni na mchoro wenu wa zamani. Duara la WAZI liwe na tokeni moja, yaani siti ya mwisho. Tukio “angalia” la wakala wa kwanza linaichukua, linairudisha, kisha linaweka nyingine kwenye duara lake, AMEONA. Wa pili vivyo hivyo. “Uza” ya kila mmoja inakula AMEONA tu na kuweka tokeni kwenye duara la IMEUZWA, haigusi WAZI. Tumieni maharage juu ya karatasi: hatua nne, na IMEUZWA ina punje mbili.

Futeni “angalia”. Wekeni “shika”, inayokula tokeni ya WAZI papo hapo na kuipeleka IMESHIKWA. Kutoka hapo “lipa” iipeleke IMEUZWA, na “muda umekwisha” iirudishe WAZI. Sasa WAZI ianze na tokeni 40, na jumla ya tokeni za maduara hayo matatu ibaki 40 daima. Tukio likiivunja, kasoro iko hapo. Kwenye hifadhidata “shika” iwe muamala mmoja usiogawanyika, la sivyo mmerudi mlikotoka.

Bado kuna pesa ya simu. Ongezeni duara la PESA, “lipa” idai tokeni ya huko pia. Pesa ikifika muda umeshakwisha inakwama, kwa hiyo choreni “rudisha pesa”. Tena tokeni hizi hazitofautiani: pesa ya abiria mmoja inaweza kulipia siti aliyoshika mwingine. Hapo ndipo zinahitajika tokeni za rangi, alizozibuni Kurt Jensen wa Denmark, ambazo kila moja hubeba taarifa. Kwenu itoshe namba ya oda.