Muziki Kwenye Pikipiki: Usianze na Kitufe cha Sauti

Niligundua kwamba najiumiza siku niliyosimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Nilitoka Morogoro alfajiri na Boxer yangu, naelekea Iringa. Nikavua helmeti, spika za masikioni nikaziacha zikining'inia shingoni, nikaanza kupatana bei. Mama aliyekuwa anapanga mafungu akaniuliza, "Mwanangu, hiyo redio umeiweka wapi?" Sikuwa na redio. Alichokuwa anakisikia, yeye akiwa upande wa pili wa meza, ni vile vispika viwili vidogo kama punje za mahindi. Na dakika tano kabla ya hapo nilikuwa barabarani nalalamika kwamba muziki hausikiki. Usiku ule nililala Iringa masikio yanalia nyiii mpaka karibu na adhana.

Tangu siku hiyo nimehangaika sana na jambo hili, maana safari ya karibu kilomita 300 bila muziki siiwezi. Nilichojifunza ni kwamba muziki haushindwi kwa sababu ni mdogo. Unashindwa kwa sababu upepo ni mkubwa. Ukiushughulikia upepo kwanza, kisha ukaliandaa faili lenyewe nyumbani, kitufe cha sauti hutakigusa sana.

Upepo wa ndani ya helmeti hauna mchezo. Ukikaribia kilomita 100 kwa saa unaweza kufika desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 100 au zaidi. Kipimo kinachotumika sana kwa usalama wa masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na ukifika 100 unabaki na robo saa. Sasa wewe juu ya kelele hiyo unataka muziki uizidi! Hapo ndipo masikio yanapoharibika, na yakishaharibika hayarudi.

Kwa hiyo anza na plagi za masikio, zile za sponji zinazouzwa madukani kwa mafundi wanaochomelea na kukata vyuma. Wengi wanaziingiza vibaya halafu wanasema hazifanyi kazi. Isokote kwa vidole viwili mpaka iwe nyembamba kama njiti, kisha pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, iingize, halafu ishikilie kwa kidole nusu dakika mpaka itanuke. Ukisikia dunia imetulia ghafla, imekaa. Kama helmeti yako ina spika za bluetooth pembeni, vaa plagi na uwashe muziki juu yake. Najua inasikika kama kichekesho, kuziba masikio ili usikie vizuri. Lakini plagi inapunguza upepo na muziki kwa pamoja, na kwa kuwa kelele zote sasa zimeshuka, sikio linaacha kuzidiwa na maneno ya wimbo yanatoka wazi. Kama unatumia spika za kuingiza sikioni, tafuta zenye ncha za sponji au silikoni zinazokubana sawasawa. Zile za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio achana nazo kabisa kwenye pikipiki.

Spika za ndani ya helmeti zina tatizo lao la peke yake: zikikaa sentimita mbili mbali na tundu la sikio, umepoteza sauti nyingi bure. Mimi za kwangu zilikuwa zimekaa nyuma, karibu na kisogo. Nikazisogeza, nikaweka kipande cha sponji nyuma yake ziguse sikio bila kuliminya, na tofauti niliisikia kabla hata sijatoka getini.

Upepo mwingi unaingilia chini ya kidevu. Kitambaa kilichofungwa vizuri shingoni kinaziba ile nafasi. Kama pikipiki yako ina kioo cha mbele, ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu, inuka kidogo kwenye kiti, kisha inama kidogo. Kelele zikipungua kwa kimojawapo, jua kioo chako kinakurushia upepo usawa wa helmeti na kinahitaji kupandishwa au kushushwa.

Sasa tuje kwenye faili, ambako ndiko nilikokaa miezi.

Mimi ni mtu wa dansi la zamani, la miaka ya 1970. Nyimbo hizo ukizichanganya na Bongo Fleva ya leo kwenye simu moja, utataabika: moja inanong'ona, inayofuata inakupasua kichwa, na mikono yote iko kwenye usukani. Sababu ni hii. Sauti ya dijitali ina dari, na hakuna kinachoweza kupita juu yake. Muziki wa sasa umeminywa mpaka karibu kila kitu kinagusa dari. Wa zamani, pigo la ngoma ndilo linalogusa dari, ila gitaa na mwimbaji wako chini kabisa. Ukiwa sebuleni unafurahia ule mpanda-shuka. Barabarani upepo unameza kila kilicho chini, unabaki unasikia ngoma tu, tu, tu.

Programu ya MP3Gain, ambayo ni ya bure, inasawazisha nyimbo zote ziwe kiwango kimoja bila kuharibu faili, kwa hatua za desibeli 1.5, na unaweza kurudisha ilivyokuwa. Kwa anayesikiliza nyimbo za sasa tu, hiyo inatosha. Lakini haigusi tofauti ya ngoma na gitaa ndani ya wimbo mmoja. Kwa hilo natumia Audacity, nayo ni ya bure. Naufungua wimbo, napitisha kompresa kwa uwiano wa 4 kwa 1, ambayo inazishusha sehemu kali. Kisha naupandisha wimbo mzima mpaka LUFS -11 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo kwa ujumla), na mwisho naweka limita, yaani kizuizi cha sauti, kwenye desibeli -1, chini kidogo ya dari, ili usiigonge na kukwaruza. Nahifadhi nakala kwenye folda niliyoiita "Barabarani". Nakala halisi siigusi, kwa sababu wimbo uliominywa hivi ukiusikiliza nyumbani unachosha, na mafundi waliorekodi kazi zile wanastahili zisikilizwe kama walivyoziacha.

Kosa nililolifanya muda mrefu ni kuongeza besi. Mngurumo wa upepo wenyewe ni besi, kwa hiyo unapoongeza besi ni kama kumwaga maji mtoni, na unakula nafasi yote iliyobaki chini ya dari. Fanya kinyume: kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya kurekebisha besi na sauti nyembamba, punguza besi, inua katikati, kuanzia hezi 1000 hadi 4000. Hapo ndipo yalipo maneno ya mwimbaji na kucha za mpiga gitaa.

Wapo wanaovaa spika sikio moja ili wasikie magari kwa jingine. Nimejaribu. Sikio lililo wazi linapigwa upepo wote, na lile lingine unaliongezea sauti ili lishindane. Kwangu mimi ni hasara pande zote mbili. Plagi zikikaa vizuri, honi ya lori bado naisikia, na mara nyingi naisikia safi kuliko zamani. Mjini lakini muziki nazima. Bodaboda, bajaji, watoto wanaovuka, hapo nataka akili yote.

Na Kitonga pia nazima, kila safari. Ule mlima una kona za kubana, malori yanateremka yamejaa mzigo, na breki zinapoanza kulia nataka kuzisikia mimi mwenyewe. Nikimaliza kupanda, nikaziona nyanya za Ilula zimepangwa kando ya barabara, nawasha tena. Sauti ya simu inakuwa chini kidogo ya nusu, na mwimbaji namsikia neno kwa neno.