Mwanangu, umeniuliza kuhusu piko

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku ni wazima. Mama yako anatembea vizuri tangu abadilishiwe dawa ya presha, na mvua za vuli zimetuachia mahindi kidogo. Ila swali lako halijaniacha tangu urudi Nairobi.

Ulinikuta uani na kikombe cha piko, ile rangi nyeusi ya nywele, na mswaki mkuukuu, najipaka kichwani. Ulicheka, kisha ukanyamaza. Usiku, watoto walipolala, ukaniuliza: "Baba, ulitulea ukituambia mvi ni heshima. Mbona sasa wazificha? Na kama wazee ndio wenye hekima, mbona huku kwetu wanauawa?" Nikakwambia tutaongea. Nilishindwa kukujibu kwa mdomo, basi nakuandikia.

Napaka piko kwa sababu naogopa. Wala si mimi peke yangu. Kilifi hii wazee wengi wanapaka, wanaume kwa wanawake, na wengine wamehama mashamba yao wakaenda kulala mjini kwa watoto. Kichwa cheupe kimekuwa ushahidi wa uchawi. Unakumbuka mzee jirani aliyekuwa akikuangulia madafu ulipokuwa shule ya msingi? Mwaka ule uliingia chuo, mjukuu wa ndugu yake aliugua degedege. Wakaenda kwa mganga, mganga akasema adui yuko ndani ya ukoo na ana mvi. Hakutaja jina, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Wiki tatu baadaye tuliamshwa na mayowe alfajiri, tukamkuta mlangoni kwake kakatwa mapanga. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kiko juu ya kinu, mahali alipokiweka.

Miezi michache kabla ya hapo, vijana wa ukoo ule walikuwa wakimsukuma akubali kuuza shamba la kando ya barabara. Alikataa. Nakwambia hili ulishike: mara nyingi mno, ukifuata kelele za uchawi mpaka mwisho wake, unakuta shamba. Ardhi ya ukoo haina hati, mpaka wake uko kichwani mwa mzee, na bei ya ekari inapanda. Uchawi ndilo neno linaloweza kumwondoa mtu bila kesi.

Sasa nije kwenye hekima, maana hapo ndipo uliponibana.

Babu yangu alikuwa mtu wa kambi, baraza la wazee wa Kigiriama. Hakuingia kwa sababu ya umri. Wako waliozeeka naye ambao hawakuitwa hata siku moja, kwa kuwa walikuwa na ulimi mrefu au walikula haki za wadogo zao. Aliingia kwa ngazi, akatoa mbuzi na mnazi, akaangaliwa miaka. Warundi nao, hivi nilisoma nilipokuwa nafundisha, mushingantahe wao, yaani mzee msuluhishi, hutawazwa hadharani baada ya watu kumpima uadilifu wake. Kumbe mvi peke yake haikuwahi kuwa cheti, na hapo nilikosea nilipowalea kwa ule msemo nikaufupisha mno.

Niliwahi kukaa nyuma ya babu wakiamua kesi ya mpaka, ndugu wawili, baba mmoja mama mbalimbali. Mzee mmoja alisimama akaita, "Taireni!" Wote wakaitika, "Za Mulungu!" Kila mmoja akasema mpaka akachoka. Hapakuwa na wa kumkata mwenzake. Jua lilitoka upande wa mwembe likaenda upande wa choo, mimi nasinzia. Kisha babu akauliza swali moja tu: ule mnyaa wa mpakani ulipandwa na mkono wa nani? Ukazuka ubishi. Wakainuka wote kwenda shambani, na mzee mmoja ambaye macho yalikuwa yameanza kufa akahesabu hatua kutoka kwenye mkorosho, akagonga fimbo chini, akasema chimbeni hapa. Wakachimba wakakuta kisiki cha mnyaa wa zamani, hatua nne ndani ya sehemu aliyoishika mkubwa. Mkubwa alikuwa amehamisha ua. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alilipa mbuzi, wakala pamoja siku hiyohiyo, na nilimwona akimkatia mdogo wake nyama.

Mwanangu, hiyo ndiyo hekima niliyoiona kwa macho yangu. Ilikuwa ni kumbukumbu ya mzee yule pamoja na ule utaratibu wa kukaa mchana, mtuhumiwa akiwepo, naye akapewa nafasi ya kusema. Hata tuhuma za uchawi zilipelekwa mbele ya watu, mshtakiwa akala kiapo. Mimi siamini viapo vile, na najua waliumia watu wasio na hatia. Lakini mshtaki alilazimika kutoka na uso wake. Jirani yetu hakuitwa popote. Angeitwa mchana chini ya mwembe, hata nusu saa, nadhani angekuwa hai.

Wala usidhani nasema wazee hawakosei. Mwaka 1956, kule Meru, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, walipiga marufuku wasichana kutahiriwa. Leo tunaona marufuku ile ilikuwa na haki. Lakini ni wanaume waliokaa wakaamua, wakiungwa mkono na wakoloni, na wasichana wenyewe hawakuulizwa. Wasichana wakaanza kujikata wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Baraza lisilomsikia anayeguswa na jambo, hata likisema kweli, halisikiki. Huku kwetu pia wanawake waliwekwa pembeni ya kambi, ilhali mwaka 1913 aliyewainua Wagiriama dhidi ya Mwingereza alikuwa Mekatilili wa Menza, mjane, tena mtu mzima. Wakampeleka uhamishoni mbali huko magharibi, akarudi kwa miguu. Mwaka uliofuata Waingereza wakailipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Walijua wazi kwamba wakivunja mahali wazee wanapokaa, wamevunja neno la wazee.

Misitu ya kaya iko bado, na tangu 2008 UNESCO inaitambua kuwa urithi wa dunia. Nashukuru. Ila mti umepata ulinzi kuliko mzee anayeutunza, na hilo linaniuma. Katiba yetu, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Nilimsomea kijana wa bodaboda hapa kituoni, akaniambia, "Mzee, hilo la kudhulumiwa hapa nani amelisikia?" Tangu siku hiyo namsomea kila anayekaa kwenye benchi pale, na wengine wameanza kuuliza.

Nimeamua mambo mawili. Kwanza, shamba. Sitaki kufa nikiwa na mpaka kichwani mwangu peke yangu. Nimemwita mpimaji, na nimegawa sehemu nne sawa, yako ikiwemo. Mjomba wako alinung'unika kwamba binti ataipeleka ardhi kwa ukoo wa mume. Nilimwambia binti huyu ndiye aliyelipa karo ya wana wawili wa mjomba huyohuyo. Alinyamaza.

Pili, nataka mgawo huo usomwe mchana, mbele ya ukoo, kina mama wakiwa wamekaa mkekani mbele na si nyuma ya nyumba, na kila mwenye neno alitoe hapo. Nimeweka Jumamosi ya Pasaka. Chifu atakuja, na wazee watatu ninaowaamini. Nataka ukae karibu yangu na usome sehemu yako mwenyewe, kwa sauti, maana macho yangu siku hizi yanachoka upesi.

Piko imebaki nusu pakiti. Nitaipaka mpaka siku hiyo, usinilaumu. Asubuhi ya Jumamosi nataka uninyoe kichwa chote kwa wembe, ziote zitakavyo.

Njoo Ijumaa, ulale hapa. Mama yako anasema usisahau dawa yake ya macho.

Baba yako.