Unataka seva ya drafti na bao? Tengeneza daftari kwanza, mashine itafuata

Kila nikimwambia mtu hapa Dodoma kwamba naendesha seva ndogo ya drafti na bao, yaani kompyuta ya mtandaoni inayopokea hatua za wachezaji, swali linalokuja ni lile lile, mashine ina RAM kiasi gani na ipo nchi gani. Wakuu, hilo ni swali la mwisho kabisa. Michezo ya kupokezana zamu siyo kama ile ya kupigana risasi ambapo ukichelewa nusu sekunde umekufa, hapa mtu anacheza kete yake asubuhi, anapanda daladala kwenda kazini Mtumba, jioni ndo anachungulia kaona kajibiwa nini. Kwahiyo seva ikiwa Ujerumani au Afrika Kusini hamna atakayeona tofauti, na VPS (kipande cha kompyuta unachokodi mtandaoni) ya RAM GB 1 itakutosha muda mrefu sana. Ila nyumbani usiiweke. Umeme ukikatika ndo basi, halafu laini nyingi za simu mnagawana anwani moja ya intaneti na watu kibao, mtu wa nje hawezi kuifikia mashine yako hivi hivi.

Sasa kazi yenyewe ni nini? Ni kuandika daftari tu. Nani kacheza, kacheza nini, saa ngapi. Watu wengi wanaanza kwa kuhifadhi ubao ulivyo sasa hivi na kila hatua inafuta ya nyuma, mimi nasema usifanye hivyo, hifadhi kila hatua kama mstari wake na usifute kitu, ukitaka kujua ubao ukoje unazicheza hatua zote upya toka mwanzo, kompyuta inamaliza hata hujapepesa jicho. Siku mtu akija juu anasema pale nilikuwa na kingi nikanyang'anywa, unarudisha mechi nyuma mbele yake na kelele zinaisha.

Halafu kila hatua iwe na namba, na databesi (programu inayotunza hilo daftari) uiambie namba hiyo isijirudie ndani ya mechi moja. Hili linaonekana dogo lakini ndo linabeba kila kitu kwa mitandao yetu. Chukulia mtu yuko kwenye SGR anaenda Dar, kafika kwenye yale mahandaki ya upande wa Kilosa, simu imeshatuma hatua ya 17 ila jibu halijarudi, yeye anabonyeza tena, na tena. Seva inapata hatua ya 17 mara tatu. Ya kwanza inaandikwa, zinazofanana nayo zinajibiwa "sawa nimepata" bila ugomvi, na ikija ya 17 tofauti inakataliwa. Usimletee maandishi mekundu ya kosa mtu ambaye kosa lake ni kupita kwenye handaki.

Sheria zote zikae kwenye seva. Apu ya simu kazi yake ni kuchora ubao na kupeleka maombi, mana mtu anayejua kidogo anaweza kutuma chochote anachotaka bila hata kufungua apu yako. Seva ndo yule mzee wa kijiwe anayekaa pembeni hachezi ila neno lake ndo la mwisho.

Na hapo kwenye sheria ndo utatoka jasho. Drafti kila kijiwe kina yake: kula ni lazima au hiari, kete ya kawaida inakula kinyumenyume au hapana, ukiwa na njia mbili za kula unachagua au unalazimishwa ile inayokula nyingi. Chagua, iandike kwa Kiswahili kabla hujaandika kodi ya programu, na kila mechi ibebe namba ya toleo la sheria iliyoanza nayo. Ukibadilisha sheria katikati bila hiyo namba, mechi za zamani zikichezwa upya zinakuja na ubao wa ajabu ambao haukuwahi kuwepo.

Bao ni shughuli nyingine kabisa, na nakuambia ukweli usianze nalo. Mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, hiyo ni rahisi kuandika. Ugumu ni kwamba hatua moja inaweza kuwa na uamuzi katikati yake, kwenye namua (awamu ya kwanza, bado unaingiza kete za mkononi) ukila halafu kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, lile shimo lako kubwa, unaamua ulale pale zamu iishe au nyumba isafiri, yaani uzichukue kete zake uendelee kusambaza. Kwahiyo ukiandika "shimo fulani, kushoto" peke yake haitoshi, lazima pawe na nafasi ya hilo jibu. Halafu kuna mizunguko ya kusambaza kete ambayo haiishi kabisa, kweli ipo, usipoweka kikomo seva itazunguka peke yake hadi asubuhi.

Ukija kwenye ludo, dadu irushwe na seva. Karata na dhumna, usitume kwenye simu ya Juma mkono wa Asha eti umeuficha kwa picha, tuma idadi tu.

Websoketi, yaani njia ya kuacha simu na seva zimeunganishwa muda wote, achana nazo mwanzoni. Apu ikiwa wazi iulize seva kila baada ya sekunde chache "kuna jipya?", ikifungwa tuma taarifa moja tu zamu ikifika, bando la watu lisiishe bure. Muda uhesabiwe na seva kwa UTC (saa moja ya dunia nzima), na mchezaji umuonyeshe "zimebaki saa 14", mana ukiandika 21:00 kuna atakayesoma saa tatu na kuna atakayechanganyikiwa. Na kikomo cha muda ni lazima kiwepo, anayeshindwa huwa ghafla anapotea hewani. Mimi naona siku 3 kwa hatua inatosha.

Ukitaka kuona wenzako walivyofanya, kodi ya Lichess, tovuti ya kucheza chesi, iko wazi kwa yeyote kuisoma, na kwa lugha ya JavaScript kuna boardgame.io ambayo wewe unaandika sheria, mengine inakusaidia. Hela za kuwekeana dau usiziguse, hapo unaingia kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni zake. Taarifa za watu pia omba chache, jina la utani na nywila, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na namba za simu za watu ni mzigo.

Databesi SQLite inatosha kabisa, ni faili moja. Ila kwenye bakapu usilinakili faili hivi hivi wakati watu wanacheza, unaweza kupata nusu nusu, tumia amri yake ya .backup, peleka nakala mashine nyingine kila usiku, na mara moja moja uifungue kwenye laptopu uzicheze mechi zote upya uone kama zinafika mwisho ule ule.