Kabla Hujaisifu Dawa, Uliza Usaha Ulikwenda Wapi

Nyinyi mnaojiunga na timu za majaribio ya dawa kwenye wadi za upasuaji hapa Nairobi, nawaomba jambo moja: mgonjwa akipona, msikimbilie kuandika kwamba antibiotiki imefanya kazi. Katika maambukizi ya upasuaji, kisu hutangulia. Mshono uliofunguliwa ukasafishwa mpaka nyama nyekundu ikaonekana huweza kupona kwa dawa ya kawaida kabisa. Usaha ukibaki ndani, hata dawa ghali itashindwa na kulaumiwa bure. Kwa hiyo fomu iseme usaha ulitolewa lini, na nani, na kama ulitoka wote. Kundi moja la wagonjwa likiangukia mikononi mwa madaktari hodari kuliko jingine, mtakuwa mmepima madaktari, si dawa. Ndiyo maana wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu.

Someni jaribio la STOP-IT la Marekani na Kanada, lililochapishwa 2015. Lilihusisha wagonjwa 518 wenye maambukizi ya tumboni ambao chanzo chake kilikuwa kimeshughulikiwa vyema. Waliotumia dawa siku 4 hivi walipata matokeo yanayokaribiana na ya waliotumia siku 8 hivi. Mimi naona kila anayepima antibiotiki mpya aanzie hapo.

Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Msipanguse bandeji mkadhani mmepata usaha! Safisheni kidonda kwanza, kisha vuteni usaha wa ndani kwa sindano, la sivyo vijidudu vya ngozi ndivyo vitakavyoota maabara. Namba ya mshiriki iandikwe kwenye chupa pale pale kitandani.

Halafu kuna kemisti. Wengi hufika hospitalini wakiwa wameshameza kitu, na ukiwauliza kama wametumia antibiotiki watakujibu hapana, kwa moyo safi kabisa. Uliza hivi: "Mama, kabla hujaja huku, ulinunua vidonge vyovyote? Vilikuwa vya rangi gani? Umebaki na pakiti?" Mara nyingi pakiti imo mkobani. Mgonjwa wa namna hiyo, sampuli yake huenda isioteshe kijidudu chochote maabara ilhali maambukizi yapo, na nafuu yake huenda ilianza kabla dawa yenu haijamgusa.

Ufuatiliaji ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Maambukizi ya mshono huhesabiwa hadi siku 30 baada ya upasuaji, na penye chuma au kiungo bandia, hadi siku 90. Kufikia wakati huo mgonjwa yuko ushago, Kisii au Machakos, na simu imezimwa. Chukueni namba mbili, moja ya mtu anayeishi naye. Aliyepotea asihesabiwe kuwa amepona, na jina lake lisifutwe kwenye hesabu ya walioandikishwa. Nauli ya kurudi kliniki nayo ionyeshwe kwenye maombi ya kwanza kwa kamati ya maadili, kwani kuiongeza katikati ya jaribio kunahitaji kibali kipya, na wagonjwa hawatasubiri kibali hicho.