PSA iliyopimwa siku mkojo ulipoziba: isomwe vipi?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninakuandikia kutoka Morogoro. Baba yangu ana umri wa miaka 67. Wiki tatu zilizopita alishindwa kabisa kupata haja ndogo, tukamkimbiza hospitali usiku, akawekewa mpira wa mkojo. Usiku huohuo alipimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikasoma 11.4. Mpira ulitolewa baada ya siku nane na sasa anakojoa, ingawa mkojo unatoka kwa udhaifu. Ameanzishiwa dawa za tamsulosini na finasteridi, na wiki ijayo amepangiwa kuchukuliwa kinyama cha tezi dume kwa sindano ili kipimwe kama kina saratani. Ndugu wengine wanasema namba hiyo ni saratani tayari. Wengine wanamkataza asiende, kwa madai kwamba sindano husambaza saratani. Tafiti zinasemaje?

JIBU: Marahaba. Pole kwa kumuuguza mzee. Katika barua yako kuna mambo mawili ambayo ndugu zako wameyachanganya: kuziba kwa mkojo, na uwezekano wa saratani. Tezi dume inayokua kwa sababu ya umri hubana njia ya mkojo bila kuwa na saratani hata kidogo, na saratani changa aghalabu haibani chochote wala kuleta dalili. Kwa hiyo kuziba kwa mkojo peke yake hakutuambii kama mzee ana saratani au hana.

Nianze na ile 11.4. PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, zilizo nzima na zilizo na saratani pia, na huingia kwenye damu kwa wingi tezi inapovimba, inapopata maambukizi au inapovurugwa. Mkojo unapoziba ghafla na mpira kupitishwa katikati ya tezi, kiwango hupanda, wakati mwingine mara kadhaa ya kile cha kawaida cha mgonjwa. Damu ya baba yako ilichukuliwa katika saa mbaya kuliko zote za kupima PSA. Katika kliniki tunaona mara kwa mara namba za namna hii zikishuka zenyewe, na ndiyo maana utaratibu uliozoeleka ni kurudia kipimo baada ya wiki sita hivi, mkojo ukiwa hauna maambukizi. Kabla ya siku hiyo mkojo uoteshwe maabara, na kwa siku mbili mzee asiendeshe baiskeli wala kukutana na mwenzi wake, kwa kuwa yote mawili yanaweza kuipandisha kidogo.

Hapa pana jambo ambalo hupita bila kuonekana hata kwetu sisi wataalamu. Finasteridi hupunguza PSA karibu kwa nusu, lakini huchukua miezi sita hadi mwaka kufika huko. Mtu aliyekwisha kuitumia kwa mwaka mmoja na PSA yake ikasoma 4 tunamhesabia 8. Baba yako ameianza majuzi, kwa hiyo katika wiki ya sita dawa itakuwa imeshusha kiasi fulani ambacho hakuna kanuni ya kukizidisha kwa uhakika. Asiiache dawa kwa sababu hiyo. Andikeni kwenye daftari lake la kliniki tarehe mpira ulipowekwa, tarehe ulipotolewa na tarehe finasteridi ilipoanza, kisha kila anayesoma PSA yake aonyeshwe tarehe hizo kwanza. Na PSA ikipanda wakati mgonjwa anameza finasteridi sawasawa, hiyo ni ishara ya kushughulikiwa upesi, hata kama namba yenyewe inaonekana ndogo.

Msidhani pia kwamba kuna namba inayomtenga mwenye saratani na asiye nayo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotathmini finasteridi kama kinga ya saratani ya tezi dume, wanaume ambao PSA yao haikuwahi kuvuka 4, mpaka uliozoeleka, walichukuliwa kinyama mwishoni, na taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa asilimia 15 hivi kati yao walikuwa na saratani, nyingi zikiwa za aina isiyo kali.

Je, kinyama kisubiri? Hilo linategemea kipimo cha kidole, yaani daktari kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, ambacho hukukitaja. Ikiwa daktari alihisi tezi ngumu kama jiwe, yenye vinundu au isiyolingana pande zake, au ikiwa mzee ana maumivu mapya ya mifupa ya mgongo, asisubiri kurudia PSA. Ikiwa tezi ilikuwa kubwa lakini laini, mnayo haki ya kumuuliza daktari kwa heshima kama PSA ingerudiwa kwanza, na kama picha ya MRI ya tezi dume inaweza kutangulia sindano.

Swali hilo la MRI lina msingi mzuri wa utafiti. Mwaka 2017 utafiti wa PROMIS wa Uingereza uliwapima wanaume 576 kwa MRI, kwa kinyama cha kawaida kinachoongozwa na ultrasaundi, na kwa kinyama cha kina, cha vipande vingi kutoka tezi nzima, kilichotumika kama mizani ya vyote viwili. MRI ilibaini asilimia 93 ya saratani zenye madhara. Kinyama cha kawaida kilibaini asilimia 48 tu. Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION uliwagawa wanaume 500 kwa bahati nasibu. Waliotanguliziwa MRI, sindano ikaelekezwa pale palipotiliwa shaka, walipatikana na saratani yenye madhara kwa asilimia 38, dhidi ya 26 kwa wale wa njia ya zamani, na zaidi ya robo ya hao waliotanguliziwa MRI hawakuhitaji sindano kabisa. Hata hivyo MRI huonyesha shaka mahali pengi pasipo na saratani, na ubora wake hutegemea sana jicho la anayeisoma. Kwetu mashine ni chache na gharama ni kubwa. Ikiwa haipatikani, kinyama cha kawaida kilichofanywa vizuri bado ni kipimo halali, na ni afadhali kuliko kukaa nyumbani miaka miwili mkingoja MRI.

Kuhusu sindano kusambaza saratani ya tezi dume: hilo ni nadra mno, na halitoshi kuwa sababu ya kukataa. Hatari zilizopo kweli ni maambukizi, damu kwenye mkojo na shahawa kwa muda, na mkojo kuziba tena, ambalo kwa baba yako ni la kufikiriwa kwa makini kwa sababu ametoka huko majuzi. Ulizeni sindano itapitia wapi. Inayopita kwenye ngozi kati ya korodani na njia ya haja kubwa hubeba vijidudu vichache kuliko inayopita kwenye njia yenyewe ya haja kubwa.

Dawa mbili alizopewa zina sababu. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu ndani ya siku chache, lakini haipunguzi ukubwa wa tezi. Finasteridi huipunguza polepole. Utafiti wa CombAT, uliofuatilia wanaume zaidi ya 4,800 kwa miaka minne, ulionyesha kuwa tamsulosini ikiunganishwa na dutasteridi, ndugu wa finasteridi, hatari ya mkojo kuziba au kuhitaji upasuaji ilipungua kwa takriban theluthi mbili kuliko kwa tamsulosini peke yake. Mzee aamke kitandani taratibu, kwani tamsulosini huleta kizunguzungu. Ahakikishe pia kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, imepimwa, maana mkojo uliorudi nyuma huweza kuumiza figo.

Na ikipatikana saratani? Utafiti wa ProtecT wa Uingereza ulifuatilia wanaume 1,643 waliokuwa na saratani isiyotoka nje ya tezi. Baada ya miaka 15 asilimia 2.7 tu walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, bila tofauti ya maana kati ya waliofanyiwa upasuaji, mionzi au uangalizi wa karibu. Mimi huzitumia namba hizi kwa tahadhari: karibu wote walikuwa wazungu, na saratani zao ziligunduliwa mapema kwa kupima PSA kabla ya dalili, ilhali wagonjwa wengi wanaofika kwetu huja wamechelewa. Zinatosha kuwatoa ndugu hofu kwamba jibu la saratani ni hukumu ya kifo. Hazitoshi kumchagulia baba yako tiba.

Endapo atachukuliwa kinyama, kisha akapata homa au baridi ya kutetemeka katika siku zinazofuata, arudishwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku, wala asipewe paracetamoli na kuambiwa alale kwanza.