Pipa la mboji uani: dramu, la kuzungusha au tofali?

Mkuu, umeuliza ununue lile pipa la kuzungusha lenye stendi au utoboe dramu la bluu la lita 200. Uko Buswelu, hapa hapa Mwanza, eneo lipo, mko watu watano na samaki halali nje ya sufuria. Hilo la samaki ndilo limenifanya niandike kirefu.

Mimi nipo Bugarika, juu ya mawe, na nilianza na dramu la bluu. Fundi alinitobolea matundu sita ubavuni, chini akaacha hivyo hivyo. Nikawa natupia maganda ya ndizi na viazi, kiporo cha ugali na matumbo ya sato. Haikufika wiki, chini kukawa na uji mweusi unaonuka mayai viza. Mfuniko nao ulikuwa haukazi. Asubuhi moja nakuta korongo watatu, hawa wenye vipara wanaozurura mjini kama wana vitambulisho, wawili ukutani na mmoja kichwa kizima ndani ya dramu. Mama wa nyumba ya pili akaniuliza, "Shemeji, humo umezika nini?" Sikuwa na jibu.

Nikalaumu dramu, kumbe nilikuwa najaza vibichi tupu. Jiko la Kibongo linatoa vitu vya majimaji mtupu. Bila vikavu hewa haipiti, na pasipo hewa vitu vinachacha badala ya kuoza vizuri. Siku hizi kila ndoo ya jikoni naifuatisha ndoo mbili, hata tatu, za vikavu: majani ya mwembe, mabua ya mahindi, maboksi yaliyochanwa, maranda kutoka kwa seremala. Maranda uliza kwanza, mbao zilizopigwa dawa usiziguse. Pumba za mpunga zinapatikana kirahisi na zinasaidia hewa kupita, ila haziozi haraka, utazikuta vile vile miezi mingine. Kiroba cha vikavu kikae pembeni ya pipa muda wote. Kikiisha, usitupie kitu mpaka upate kingine.

Sasa pipa lenyewe. La kuzungusha panya hawaliingii, na kama umepanga unahama nalo. Lakini ni dogo, likijaa linakuwa zito kama gunia la mchanga, na joto halikai. Halafu ukiendelea kutupia kila siku halikomai kamwe, inabidi uwe na la pili.

Wewe mwenye eneo, panga tofali za bloku bila saruji, uache nafasi za hewa, mita moja kila upande, juu ya udongo wenyewe. Chini tandika wavu wa matundu madogo, vinginevyo panya watahamia. Ukubwa huo ndio unaofanya rundo lishike joto, nyuzi 55 hadi 65 katikati, kama umelijaza kwa mkupuo. Mimi sina kipimajoto, nachomeka nondo katikati, naiacha dakika kumi, nikiichomoa na kushindwa kuishikilia najua mambo yanaenda. Rundo likipoa, geuza kwa koleo.

Ukiamua dramu, kata kitako chote na utoboe ubavu mzima. Muulize muuzaji lilibeba nini. Likinuka dawa, mwachie.

Unyevu pima kwa mkono: kamata konzi, kamua. Yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Ikibaki vumbi, nyunyiza maji. Harufu kali ya mkojo ina maana vibichi vimezidi. Mvua za Machi hadi Mei funika na bati au turubai, la sivyo utarudi kwenye uji wangu.

Matumbo ya samaki yanaruhusiwa, ila kidogo, rundo likiwa la moto, uyafukie katikati kabisa na uyazungushie maranda. Juu juu usiache hata mapezi.

Magugu maji watu watakushauri, na kweli ni mazuri, ila zaidi ya asilimia 90 ni maji. Mimi nayaanika juu ya jiwe hukohuko ziwani, nabeba yaliyonyauka. Yenye maua au mbegu nayaacha, maana mbegu zake zinakaa miaka mingi zikiwa hai. Na usichote pale Mto Mirongo unapomwaga ziwani, kwa sababu mmea huu unanyonya madini mazito na taka zote za mji zinapita pale.

Ukigeuza kila wiki, miezi mitatu hivi unapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Kama bado unaona ganda la ndizi, subiri. Changanya na udongo, usipande kwenye mboji tupu. Yule mama wa swali la shemeji sasa anachukua ndoo mbili kila nikifungua, anapandia mchicha kwenye matairi, na maboksi ya dukani kwake ananiwekea mimi.