Maswali ya Wasomaji: Kubadili Kivinjari Kunasaidia Lini?

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Nikifungua vichupo kama kumi kwenye Chrome, inakwama. Mmoja ananiambia nihamie Edge, mwingine Brave. Nimsikilize nani?

Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi wa programu wanaoushiriki, na injini inayochora kurasa ni ileile, Blink. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Edge ikafuata Januari 2020. Ukitoka kimoja kwenda kingine unabadilisha bodi, mtambo unabaki uleule. Kumbukumbu, yaani RAM, inaliwa kwa sababu tovuti hutenganishwa, kila moja na mchakato wake, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine wala kuchungulia data zao. Gharama ya usalama huo ni RAM.

Anza kwa kumsaka mlaji. Kwenye Windows, ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift+Esc. Jedwali likifunguka, bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili walaji wakubwa wapande juu. Usishangae ukikuta kinachoongoza ni kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) ulichokwisha kukisahau, au kichupo cha barua pepe kilichoachwa wazi tangu asubuhi. Kiendelezi usichokitumia kiondoe kabisa.

Kisha andika chrome://settings/performance kwenye sehemu ya anwani, uwashe kiokoa kumbukumbu. Vichupo vilivyokaa bila kuguswa vitalazwa, na ukivirudia vitapakiwa upya. Kinachotoa sauti, kinachopakua faili au chenye fomu iliyojazwa nusu hakilazwi. Edge nayo hulaza vichupo kwa namna yake.

Ukitaka kujaribu mtambo tofauti kweli, jaribu Firefox, inayotumia Gecko. Fungua kurasa zilezile, andika about:processes, ulinganishe. Ila tusidanganyane: kwa GB 4, kufunga vichupo vitano kutakufaa kuliko kuhama.

Kizuia matangazo changu, uBlock Origin, kimezimwa na Chrome. Kimeharibika?

Hakijaharibika. Chrome imebadilisha kanuni za viendelezi. Toleo jipya la kanuni hizo linaitwa Manifest V3. Zamani kiendelezi kiliweza kusimama mlangoni, kikague kila ombi linalotoka kwenye ukurasa na kuamua papo hapo lipite au lizuiwe. Sasa hukikabidhi kivinjari orodha ya kanuni mapema, na kivinjari ndicho huzuia. uBlock Origin ilitegemea utaratibu wa zamani, ndiyo maana ikaachwa nje.

Kuna uBlock Origin Lite, iliyoandikwa kwa kanuni mpya. Kwa matangazo ya kawaida inatosha. Kwa tovuti zinazobadilisha mbinu mara kwa mara, ni dhaifu zaidi. Firefox bado inaikubali uBlock Origin kamili, na Brave ina kizuizi chake cha ndani. Hapa ndipo tofauti kati ya vivinjari ina uzito, na kama matangazo ndiyo kero yako kuu, tungekushauri uhame bila kusitasita.

Jambo moja: usiweke vizuizi viwili kwa pamoja. Vinakanyagana, ukurasa unavunjika, na hutajua kipi kimeuvunja.

Nikihama, nitahamishaje manenosiri?

Kwenye Chrome ya kompyuta, fungua chrome://password-manager/settings na uchague kuhamisha manenosiri nje. Utapata faili ya CSV, yaani orodha ya maandishi ya kawaida. Kwenye Firefox fungua about:logins, bofya menyu ya nukta tatu, uingize faili hiyo. Jaribu akaunti mbili tatu, kisha uifute faili na kumwaga pipa la taka papo hapo. CSV haina ufunguo wowote: anayeifungua anasoma kila nenosiri kama lilivyo. Usiihifadhi kwenye folda inayojinakili mtandaoni, wala usijitumie kwa barua pepe.

Faili hiyo haibebi funguo za siri, zile za kuingia kwa alama ya kidole au uso bila nenosiri. Hizo utaziunda upya kwenye kila tovuti. Utalazimika pia kuingia upya kwenye akaunti zako, kwa hiyo simu inayopokea namba za uthibitisho iwe karibu. Kivinjari cha zamani usikiondoe kwanza. Kiache wiki kadhaa, maana kuna akaunti utakayoikumbuka siku unapoihitaji.

Kwenye iPhone, je, Chrome ina kasi kuliko Safari?

Usitarajie tofauti kubwa. Nje ya Umoja wa Ulaya na Japani, Apple huvitaka vivinjari vyote vya iPhone vitumie WebKit, injini ya Safari. Chagua kwa kuangalia kompyuta yako: kama alamisho na manenosiri yako yako kwenye Chrome, tumia Chrome, kama una Mac, baki na Safari.

Je, hali fiche (Incognito) inamzuia mtoa huduma wangu wa intaneti asione tovuti ninazotembelea?

Haifichi kitu kwake. Inachofanya ni kufuta historia na vidakuzi kwenye kifaa chako ukifunga madirisha yote ya hali hiyo. Faili ulizopakua na alamisho ulizoweka vinabaki.